Baga mbili, watu wawili: namna ya kuonja baga za bei ya juu mgahawani

Baga ya stendi haihitaji mwongozo. Inaliwa mtu akitembea, mkono wa pili umeshika soda. Maelezo haya ni ya ile nyingine, inayoletwa juu ya kibao, imechomekwa kijiti katikati, ina jina refu kwenye menyu, na bei yake Nairobi inaanzia shilingi elfu moja na kitu, huku Dar es Salaam ikivuka 20,000 bila shida. Kwa pesa hiyo, watu wawili wana nafasi ambayo mtu mmoja hana. Wanaweza kuagiza baga mbili tofauti, kuzikata nusu kwa nusu, na kuzilinganisha zikiwa bado za moto.

Kinachoharibu nafasi hiyo ni wote wawili kuagiza ile ile yenye picha kubwa, au kila mmoja kushindana na mwenzake kwa wingi wa vikorombwezo. Agizeni moja ya kawaida kabisa, yaani nyama, chizi na mkate, na moja ambayo mgahawa unajivunia. Ile ya kawaida ndiyo kipimo. Chizi ya bluu, nanasi la kuchoma, yai la kukaanga na sosi tatu vinaweza kuficha nyama mbovu. Nyama na chizi peke yake havifichi kitu.

Hatua ya 1: Chagueni mahali na saa

Menyu fupi ni dalili njema. Jiko lenye baga nane na chipsi linasaga nyama ya leo na kuimaliza leo. Lenye baga thelathini, pilau, pizza na sushi, mara nyingi lina friza kubwa na pati, yaani yale madonge bapa ya nyama ya kusaga, zilizogandishwa tangu wiki iliyopita. Kabla ya kwenda, tazameni picha zilizopigwa na wateja, si zile za mgahawa wenyewe, na tafuteni ya baga iliyokatwa katikati. Hapo mtaona unene wa nyama, rangi ya ndani, na kama mkate wa chini umelowa.

Saa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Jumamosi kati ya saa 7 na saa 9 mchana, bamba la chuma la kukaangia limejaa nyama. Kila pati mbichi inayowekwa inashusha joto la chuma, na nyama inaanza kuchemka kwenye maji yake badala ya kukaangika. Nendeni siku ya kazi, saa 6 mchana kabla watu wa ofisi hawajashuka, au saa 12 jioni. Kama mgahawa una siku ya ofa ya mbili kwa bei ya moja, bei ni tamu, lakini siku hiyo foleni ya jikoni ni ndefu kuliko zote. Ni siku ya kushiba, si ya kuonja.

Hatua ya 2: Pataneni kabla ya kuketi

Kwanza pesa. "Twende nikakununulie baga" na "twende tukale baga" si mwaliko mmoja, na urafiki mwingi umekwaruzwa na bili kwa sababu kila mmoja alisikia tofauti. Semeni mapema: kila mtu alipe nusu, au aliyealika alipe. Wekeni na kikomo. Baga mbili, chipsi sahani moja na vinywaji viwili Nairobi ni karibu 3,000 hadi 4,000 mahali pa kawaida pa aina hii.

Pili, mipaka ya tumbo. Mkigawana, anachokula mmoja anakula na mwenzake, kwa hiyo ulizaneni kuhusu nguruwe, pombe ndani ya sosi, pilipili, na mzio. Ufuta uko juu ya mkate, mayai yako kwenye mayonezi na kwenye mkate wa brioshi (ule laini wenye siagi), maziwa yako kwenye chizi na siagi iliyopakwa mkate, na haradali iko karibu kila sosi ya rangi ya manjano.

Tatu, nani anakata. Mmoja akate, mwenzake achague nusu yake kwanza. Mkataji atakuwa na mkono wa haki bila kukumbushwa.

Hatua ya 3: Someni menyu kwa jicho la mwenye bucha

Tafuteni uzito. Menyu inayomheshimu mteja huandika gramu, na gramu hizo karibu kila mara ni za nyama mbichi. Ikipikwa hupoteza takriban robo ya uzito, maji kwa mafuta, kwa hiyo pati ya gramu 200 hufika mezani ikiwa na 150 hivi. Huo si wizi. Pigeni hesabu ya bei kwa gramu: baga ya 1,450 yenye nyama gramu 150 ni karibu shilingi 9.70 kwa gramu, na ya 1,250 yenye gramu 200 ni 6.25. Ile ya kwanza lazima ijieleze. Labda chipsi zimo ndani ya bei, labda mkate wanaoka wenyewe. Isipojieleza, mnalipia viti na taa.

Kisha tambueni ni baga ya aina gani. Kuna ya pati nene, gramu 150 hadi 200, unene wa sentimita 2 hivi, inayotakiwa kuwa na ganda nje na majimaji ndani. Na kuna zile ambazo menyu huziita smash: madonge ya gramu 60 hadi 90 yanayobandikwa kwenye chuma chenye moto mkali na kukandamizwa mara moja hadi yawe bapa, kingo zikauke na kukolea kahawia. Mara nyingi huwekwa mbili, moja juu ya nyingine. Msiihukumu bapa kwa kukosa majimaji katikati, kwani haina katikati. Ihukumuni kwa ganda.

Sasa nyama yenyewe, na hapa ndipo baga za kwetu hufa au kupona. Ng'ombe wengi wa Afrika Mashariki, zebu wenye nundu kama Boran, wanaolishwa nyasi, wana nyama yenye ladha nzito lakini mafuta kidogo. Baga inataka mafuta karibu asilimia 20. Mgahawa unaosaga steki tupu, ile nyama nyekundu isiyo na mfupa wala mafuta, hupata pati kavu hata mpishi awe hodari vipi. Unaojua kazi huchanganya bega au shingo na kifua, au huongeza mafuta ya nundu. Ndiyo maana kujua ni kipande gani kuna faida kuliko kujua ni ng'ombe wa ukoo gani. Neno Angus kwenye menyu linataja ukoo tu, halisemi kilichosagwa ni paja au kifua. Wagyu, nyama ya ng'ombe wa Kijapani, ikisagwa inaudhi zaidi: sifa yake ni mafuta yaliyotandaa kama nyuzi ndani ya msuli, na mashine ya kusaga inauvuruga mpangilio huo wote. Mkitaka kuilipia, ilipieni ikiwa kipande kizima.

Jihadharini pia na mafuta ya truffle, ule uyoga ghali wa chini ya ardhi. Mengi yake yametiwa harufu iliyotengenezwa maabara, na harufu hiyo ikishafika mezani hamtaonja kingine. Si kwamba vikorombwezo ni vibaya. Mpishi Mfaransa Daniel Boulud alipoanza kuuza baga yake mashuhuri New York mwaka 2001, alijaza ndani ya nyama mbavu zilizopikwa taratibu na ini la bata lililononeshwa, na kila kimoja kiliongeza mafuta na unyevu pale ambapo nyama ingekauka. Kwa hiyo kila mnapoona kikorombwezo, jiulizeni kinaongeza nini: mafuta, uchachu, ukakamavu au utamu? Baga yenye vitamu vitatu (vitunguu vilivyokaangwa hadi kahawia, sosi ya barbikyu na mkate wa brioshi) na bila kichachu hata kimoja itawachosha kabla ya nusu.

Mkiwa hamli ng'ombe: kuku wa paja ni bora kuliko wa kifua, kwa sababu kifua hukauka upesi. Nyama ya ngamia, inayopatikana Nairobi hasa upande wa Eastleigh, ni kavu kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo ulizeni imechanganywa na mafuta gani. Pwani, kipande kizima cha nguru kilichokaangwa kinashinda kitonge cha samaki wa kusagwa, ambacho hamjui kimesagwa na nini.

Hatua ya 4: Maswali manne kwa mhudumu

Ulizeni kwa upole, na kabla hajatoa kalamu.

"Samahani dada, nyama mnasaga hapa hapa au inakuja imesagwa?" Jibu zuri ni hapa, leo. Kadiri nyama ya kusaga inavyokaa, ndivyo inavyopoteza ladha na kupata harufu ya chuma.

"Ndani mnachanganya nini?" Jibu zuri ni chumvi na pilipili manga tu, tena nje, dakika ya mwisho kabla ya bamba. Wakisema kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, giligilani, yai na makombo ya mkate, wanapika kababu. Kababu ni chakula kizuri sana, lakini mkate wa brioshi hauna kazi nayo.

"Mkate mnaoka au mnanunua? Mnauchoma kwa siagi?" Kununua si dhambi. Kutouchoma ni dhambi.

"Beikoni ni ya ng'ombe au ya nguruwe, na mnapikia kwenye bamba moja?" Hili ni kwa wanaokula halali, na linahitaji sehemu zote mbili. Mgahawa unaweza kuwa na beikoni ya ng'ombe kwenye baga na ya nguruwe kwenye kifungua kinywa, na chuma kikawa kile kile. Ulizeni pia kama sosi ya vitunguu au ya uyoga ina mvinyo au bia.

Mhudumu asiyejua si tatizo. Anayekwenda jikoni kuuliza akarudi na jibu anaonyesha jiko linaloongea na wateja. Anayesema "zote ni tamu tu" amewajibu tayari.

Kuhusu kuiva, hapa hatupindishi. Kipande kizima cha nyama kina vijidudu juu ya uso wake, na moto huviua. Nyama ya kusaga imechanganya uso na ndani, kwa hiyo kilichokuwa nje sasa kiko katikati. Kipimo kinachokubalika ni nyuzi 71 za Selsiasi katikati ya pati, na 74 kwa kuku. Mwaka 1993, magharibi mwa Marekani, baga zisizoiva vizuri ziliwatia ugonjwa watu zaidi ya 700, na watoto wanne wakafa. Sababu ilikuwa bakteria aina ya E. coli. Agizeni iive kabisa, isipokuwa mgahawa unasaga wenyewe siku hiyo hiyo, mnauamini, na mnajua mnachobeba. Mwenye mimba, mzee au mtoto asiingie kwenye kamari hiyo. Na pati yenye mafuta ya kutosha ikifika nyuzi 71 bado inatoa majimaji. Inayokauka hapo ilikuwa kavu tangu mbichi.

Hatua ya 5: Agizeni hivi

"Tunaomba baga mbili. Moja ya chizi, ya kawaida, sosi iwe pembeni. Ya pili hii maalumu yenu, kama ilivyo kwenye menyu, msipunguze kitu. Zote ziive kabisa. Tutagawana, lakini msizikate jikoni. Tuletee sahani mbili tupu na kisu cha meno. Chipsi sahani moja, zije pamoja na baga, si kabla."

Kila neno lina kazi yake. Sosi pembeni kwenye ile ya kawaida inawawezesha kuonja nyama tupu. Ile maalumu msiipunguze, kwa sababu mpishi ameipima kwa jumla: ukitoa matango ya siki kwa vile huyapendi, unaondoa kichachu pekee kilichokuwa kikikata mafuta, halafu unalalamika ni nzito. Jikoni wasikate kwa sababu baga iliyokatwa hupoa upesi zaidi na humwaga majimaji njiani. Chipsi zikitangulia mtazimaliza kwa njaa, na ulimi utakuwa umejaa chumvi kabla ya nyama kufika.

Kinywaji: maji, au kitu kichachu kama juisi ya ukwaju au ndimu. Soda ya tangawizi inafaa pia. Milksheki iachwe mwisho, kwa sababu mafuta juu ya mafuta huufunga ulimi.

Angalieni saa mnapoagiza. Pati nene inahitaji dakika 8 hadi 10 kwenye moto na dakika mbili tatu za kupumzika, kwa hiyo dakika 15 hadi 20 ni muda wa kawaida. Ikifika baada ya dakika 5, ilikuwa imepikwa nusu mapema na kupashwa. Bapa inaiva ndani ya dakika chache tu, hiyo ikija haraka msiishuku.

Hatua ya 6: Dakika tano za kwanza

Picha moja, basi. Chizi inaganda, na mvuke wa nyama unaulowesha mkate kila dakika inayopita.

Tazameni kabla ya kugusa. Chizi iwe imeyeyuka na kukumbatia kingo za nyama, si kukaa juu yake kama karatasi. Nyama ifike hadi ukingo wa mkate. Pati hunywea ikipikwa, kwa hiyo mpishi mzoefu huitengeneza ikiwa pana kuliko mkate kwa sentimita moja au zaidi. Inueni kifuniko kidogo: upande wa ndani uwe na rangi ya kahawia ya siagi. Ukiwa mweupe, haukuchomwa.

Kukata kunafanyika hivi. Chomekeni vijiti viwili vya meno, kimoja kila upande, sentimita 3 hivi kutoka katikati, kisha chomoeni kile kijiti kikubwa cha mgahawa. Shikeni kifuniko kwa vidole viwili bila kukandamiza. Peleka kisu mbele na nyuma kama msumeno, uache meno yafanye kazi. Kisu bapa kinabana mkate, sosi inaruka pembeni na nyama inateleza nyuma. Anzeni na ile ya kawaida, futeni kisu kwa leso ya karatasi, ndipo mhamie ile maalumu, la sivyo sosi ya pili itaingia kwenye kipimo chenu.

Tazameni rangi ya ndani, lakini msiiamini peke yake. Nyama ya kusaga inaweza kuwa ya kahawia kabla haijafika nyuzi 71, na inaweza kubaki na wekundu kidogo hata ikiwa imeiva, hasa iliyopikwa kwa moshi. Katikati ikiwa baridi, inang'aa na kunata kidoleni, hiyo ni mbichi na hakuna mjadala.

Hatua ya 7: Onjeni kwa mpangilio

Baga ya kawaida kwanza, nyote wawili, kabla mtu hajagusa ile nyingine.

Bana kipande kidogo cha nyama kwenye ukingo uliokatwa, ule bila mkate. Uliza mambo matatu: chumvi ipo? Kuna ladha ya kuchomwa, au ya kuchemshwa? Inaachana mdomoni kwa urahisi, au inarudisha meno kama soseji?

Kisha tonge kamili, mkate juu na chini. Mkate usiwe mtamu kuliko nyama, na usiwe mgumu kiasi cha kusukuma vilivyomo nje. Baada ya hapo chovya upande mmoja kwenye sosi ya pembeni uone inaongeza nini.

Meza maji, kula chipsi mbili, kisha hamieni ile maalumu. Swali sasa ni moja tu: vile vilivyoongezwa vinaisaidia nyama mliyokwisha kuijua, au vinaifunika? Kila mmoja aseme lake kabla ya kusikia la mwenzake. Mkianza na "hii ni tamu, au siyo?" mwenzio atakubali kwa adabu na mtakuwa mmepoteza maoni ya mtu wa pili.

Kushika: vidole gumba na vidogo chini, vitatu vya kati juu, na sehemu ya chini imefungwa karatasi. Baga ikiwa na mkate dhaifu chini, igeuze kichwa chini. Kifuniko ni kinene zaidi na kitabeba majimaji. Ikiwa ndefu kuliko kinywa, usiipondeponde. Toa jani la saladi na nyanya, zile pembeni. Hakuna aliyewahi kula mnara wa sentimita 15 kwa heshima.

Yanayoharibika, na sababu zake

*Nyama inarudisha meno.* Chumvi ilichanganywa ndani mapema. Chumvi huyeyusha protini za nyama, zikashikana, na pati ikawa soseji. Kukanda kupita kiasi huleta hali hiyo hiyo.

*Nyama kavu, inavunjika kama mchanga.* Mafuta hayakutosha, au mpishi aliikandamiza kwa mwiko ikiwa karibu kuiva. Kukandamiza bapa ndani ya nusu dakika ya kwanza ni sawa, kwa kuwa mafuta bado hayajayeyuka. Kukandamiza baadaye ni kuyakamua yote kwenye bamba.

*Rangi ya kijivu, hakuna ganda.* Chuma hakikuwa na moto, au nyama ilikuwa na maji kwa sababu ilitoka kwenye friza bila kukaushwa. Ganda la kahawia halianzi mpaka uso wa nyama uache kutoa maji. Hii ndiyo hitilafu ya Jumamosi mchana.

*Pati imevimba katikati.* Kingo zilinywea kwanza zikasukuma katikati juu. Dawa yake ni kubonyeza shimo dogo kwa kidole gumba kabla ya kupika. Ni dosari ya sura zaidi, ila vikorombwezo havitakaa.

*Mkate wa chini umelowa.* Haukuchomwa, au nyama haikupumzika kabla ya kupangwa, au nyanya iliyokatwa ilikaa juu ya mkate moja kwa moja. Jani la saladi chini ya nyama huzuia majimaji. Mgahawa unaoliweka juu tu kwa ajili ya picha huishia na mkate uliolowa.

*Kila kitu kinateleza.* Vipande viwili laini vimekutana: nyanya juu ya parachichi, au mayonezi pande zote mbili. Pete za vitunguu nzima nazo hutoka zote kwa tonge moja.

*Chizi imetoa mafuta ya manjano.* Cheddar iliyokomaa sana hutengana ikipata moto mkali. Chizi za vipande zilizosindikwa huyeyuka laini kwa sababu zina chumvi maalumu za kushikilia mafuta, na wapishi wengi wazuri huzitumia bila aibu. Gouda changa, inayotengenezwa kwa wingi Kenya, iko katikati: inayeyuka vizuri na ina ladha yake.

*Chipsi zimelegea.* Zilikaangwa mara moja tu, au mafuta hayakuwa na moto. Zinazodumu zimekaangwa mara mbili: kwanza kwenye nyuzi 140 hivi hadi ziive, zikapoa, kisha 180 na zaidi hadi zikauke nje. Zikiwa na harufu ya samaki, mafuta ni ya kila kitu na ni ya zamani.

Hatua ya 8: Kurudisha, ikibidi

Kilichoagizwa kiive kikaja kibichi, chenye harufu kali, au chenye nyama ya nguruwe ambayo hamkuiomba, kirudishwe mara moja, kabla ya tonge la pili. "Samahani kaka, tuliomba iive kabisa, tazama hapa katikati. Tunaomba mpya, si hii kurudishwa motoni." Neno "mpya" ni muhimu: nusu iliyokatwa ikirudishwa kwenye bamba itarudi kavu, mkate ukiwa umeshagusa majimaji mabichi. Baga ambayo haikufikia tu utamu mliotarajia hairudishwi. Hiyo iandikeni kichwani.

Hatua ya 9: Bili

Kenya, bei za menyu kwa kawaida zimeshajumuisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Maandishi madogo chini ya menyu yatawaambia. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18. Kagueni mambo mawili: vikorombwezo vya ziada ambavyo mhudumu aliwauliza kwa mdomo ("niongeze parachichi?") bila kutaja bei, na ada ya huduma. Ada ya huduma ikiwa imo, bakshishi si lazima. Isipokuwamo, asilimia 5 hadi 10 kwa mhudumu aliyekwenda jikoni kuwaulizia inafaa, na ikiwezekana mpeni mkononi.

Mkilipa kwa simu, mmoja alipe yote kwenye namba ya till, au Lipa Namba kwa Tanzania, na mwenzake amtumie nusu yake palepale mezani. Malipo mawili kwa bili moja huchanganya kaunta, na mtazuiwa mlangoni mkitafutiwa ujumbe wa pili.

Hatua ya 10: Iliyobaki

Semeni "tufungie" mapema, kabla haijapoa kabisa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, kama Dar au Mombasa mwezi wa Februari, saa moja tu. Mkiwa na safari ya daladala ya saa moja na nusu, imalizeni hapo hapo au iacheni.

Nyumbani, fungueni baga kabla ya kuiweka kwenye friji: nyama na chizi chombo kimoja, mkate kwenye mfuko, saladi na nyanya zitupwe. Kesho yake wekeni nyama kwenye kaango kavu, moto wa wastani, ongezeni kijiko kimoja cha maji na mfunike dakika tatu hadi ipate moto hadi katikati. Maji yale yanatoa mvuke unaopasha nyama bila kuikausha. Mkate upasheni peke yake, upande wa ndani chini, sekunde 40. Mikrowevu itaufanya mkate uwe kama mpira na kingo za nyama ziwe ngumu, hata kwa dakika moja.